Valvu ya Baba Mkwe

Nimeolewa na watu wawili: mume wangu, na valvu ya baba yake. Mume sina shida naye. Anapika asiponuna, analala mapema, na hagongi. Valvu ndiyo iliyokuwa inanitoa roho.

Nieleze mapema ili tusipotezane njiani. Kiwanda chetu kinatengeneza mabomba ya plastiki. Plastiki yenyewe inasafirishwa kwa upepo, inapanda hadi kwenye pipa kubwa la chuma lililo juu ya mashine, halafu inatakiwa ishuke ndani ya mashine bila upepo kushuka nayo. Hapo chini ya pipa ndipo inapokaa valvu ya kuzunguka. Fikiria ule mlango wa hoteli unaozunguka, wenye vyumba vyumba: unaingia upande huu, unatokea upande ule, na ubaridi wa ndani hautoroki. Ulaze mlango huo ubavu, uufanye wa chuma, na mabawa yake yaachane na ukuta kwa mwanya mwembamba wa kupitisha karatasi. Plastiki inaingia juu, inazungushwa, inadondoka chini, na upepo unabaki ulikokuwa. Kazi yake ni hiyo tu, na kwa kazi hiyo moja mimi nimeota mvi.

Valvu hiyo aliichagua baba mkwe wangu. Mimi nilikuwa bado shule, yeye ndiye msimamizi wa laini ya mabomba, na ndiye aliyesimama mbele ya wauzaji akasema hii naitaka, ile siitaki. Na alichagua vizuri, simnyimi haki yake. Enzi hizo kiwanda kilitumia punje mpya, za mviringo, zinazoteleza bila kusukumwa. Sasa tunatumia chenga. Mabomba mabovu na ndoo zilizopasuka zinasagwa, na kinachotoka ni vipande vyenye makali na nyuzi nyuzi. Chenga inaingia kati ya bawa na ukuta, inabanwa, inapata joto, inalainika, inaganda. Mabawa yamelika. Mwanya wa karatasi sasa unapitisha kucha. Chenga nene ikibanwa, valvu inagonga kwa namna ambayo hata mtu aliyekuja kuzibua choo cha ofisini aliuliza kuna nini.

Kilichohitajika nilikijua, wala si siri ya kitaalamu. Valvu yenye mdomo ulioinamia pembeni ili chenga zisikatwe zikiingia. Mabawa yenye ncha za chuma kigumu. Izunguke taratibu, isijazwe pomoni. Nikaenda kwa Bosi.

Bosi ni mama mwenye heshima zake, aliyeachiwa kiwanda na marehemu mumewe, na anamwamini baba mkwe wangu kuliko anavyomwamini daktari wake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatuma mtu amwite. Baba akaja, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi, akamtazama Bosi usoni kwa makini kama anavyomtazama kila mtu anayeongea.

"Mzee, fundi anasema valvu ya laini ya mabomba imechoka."

Baba akatabasamu. "Iko sawa hiyo. Ni kuisafisha tu."

"Umesikia, fundi?"

Nilisikia. Kazini mimi ndiye mkuu wa matengenezo na yeye ni mwangalizi wa laini, kwa hiyo kwa cheo alitakiwa anisikilize mimi. Nyumbani ni baba wa mume wangu. Ningembishia mbele ya Bosi, halafu jioni nimtengee chakula kwa uso gani? Nikasema sawa, nikatoka, na nilipofika karakana nikaupiga teke mtungi wa grisi usio na kosa lolote.

Mume wangu nikamweleza. Akanijibu jibu lake la siku zote: "Mvumilie. Ni mzee."

"Uzee ni leseni?"

"Mke wangu, mvumilie tu."

Tunaishi uwanja mmoja na wakwe, wao nyumba ya mbele, sisi ya nyuma, kwa hiyo hata nikitoka kazini valvu inanifuata hadi jikoni. Na kule nako kuna mama mkwe. Mama mkwe wangu ni mtu mwema, lakini ana mdomo. Akimwita mumewe kula, mtaa mzima unajua chakula kiko tayari. Redio yao ikiwashwa, majirani hawahitaji kuwasha zao. Nilipoolewa nilidhani wamegombana. Baadaye nikajua ndivyo walivyo, nikazoea, nikawa nafunga dirisha.

Sasa nije kwenye mkono wa Baba.

Chini ya valvu kuna kidirisha cha chuma chenye springi, cha kuchungulia plastiki inavyoshuka. Sheria yetu ni kwamba hakuna anayekigusa kabla ya kuzima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli lake mwenyewe. Kila mmoja wetu ana kufuli lake, na ufunguo unakaa mfukoni mwake, si kwa rafiki, si mezani. Sheria hiyo niliileta mimi, baada ya fundi mwenzetu kuacha vidole vyake kwenye valvu ya laini nyingine. Yule bwana siku hizi akinisalimia ananipa mkono wa kushoto, na kila mara ananiomba radhi kwa kunipa wa kushoto.

Basi asubuhi moja naizunguka mashine, namkuta baba mkwe wangu amepiga magoti upande wa ukutani, kidirisha kiko wazi, mkono umeingia hadi kiwiko. Kufuli halipo. Taa ya kijani inawaka.

"Baba!"

Hakushtuka. Nikaita tena, akabaki vilevile, uso umetulia. Nikadhani anajitia hamnazo, na damu ikanichemka. Nikamsogelea hadi kivuli changu kikamwangukia. Hapo akageuka, akautoa mkono, akaufuta kwenye suruali.

"Unafanya nini, Baba?"

"Naangalia kama inazunguka."

"Kwa mkono?"

"Chenga zikinidondokea kiganjani, inazunguka. Zisipodondoka, imesimama."

"Na kufuli lako?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. "Nikifunga kufuli, itazungukaje, mwanangu?"

Kwa hesabu yake alikuwa sahihi kabisa, na hicho ndicho kilichonikera zaidi. Kweli ile taa ya kijani ni mwongo. Inaonyesha kwamba mota inazunguka, lakini mnyororo unaounganisha mota na valvu ukiruka, mota inaendelea kivyake na valvu imelala. Sisi wengine tunajua kwa kusikiliza. Valvu ikizunguka inaguna, ikisimama inanyamaza, ikibanwa inagonga. Hakuna aliyewahi kuingiza mkono ili ajue jambo ambalo masikio yanamwambia bure.

Hilo nililifikiria wala halikunifungua macho. Nililichukulia kuwa ubishi. Nikamwambia asirudie, akasema sawa, akarudia. Nikaandika bango kwa herufi nyekundu, akalitundikia kofia yake.

Siku nyingine nilikuwa nyuma yake, hatua chache tu, nikingoja amalize kufagia ili nimwambie tena yale yale. Vijana wa kupakia wakaangusha mzigo wa mabomba sakafuni. Mlio ulikuwa wa kupasua kichwa. Mimi niliruka. Opereta wetu, tunayemwita Haraka kwa sababu hajawahi kungoja kitu chochote, aliruka. Paka wa stoo alikimbia hata hakurudi siku ile. Baba mkwe wangu aliendelea kufagia. Hakukatisha hata mfagio. Na juu ya kichwa chake valvu ilikuwa imebana chenga na inagonga kwa nguvu zake zote, na yeye chini yake ametulia.

Nilisimama pale nikiwa na maneno yangu yote mdomoni. Kutazama watu usoni wakiongea. Redio. Kelele za mama. Iko sawa hiyo, ni kuisafisha tu. Niliona aibu, kisha nikaona hasira juu ya aibu, maana aibu ilikuwa yangu lakini siri ilikuwa yao.

Jioni sikupitia kwangu. Nilikwenda moja kwa moja nyumba ya mbele. Mama mkwe alikuwa anakunja nguo.

"Mama, Baba anasikia?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza. Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Umegundua leo?" akasema. "Mimi nimepiga kelele hadi koo limeota sugu, na nyie huko nyuma mnafunga dirisha."

"Mngesema basi!"

"Amenikataza. Anasema siku wakijua watamrudisha nyumbani akae kwenye kiti, asubuhi aulizwe amelalaje, jioni aulizwe ameshindaje. Hata mwanangu hajui. Na wewe usimwambie."

"Mama, atapoteza mkono. Anauingiza kwenye valvu ili ajue kama inazunguka."

Alikaa kitandani, juu ya nguo alizokunja. "Mkono gani?"

"Wa kulia. Mama, mkono ni mkono!"

"Basi mlinde," akasema. "Wewe si ndiye fundi?"

Sikuahidi kitu. Nilinyamaza, na yeye akahesabu kimya changu kuwa ahadi. Hivyo ndivyo nilivyotoka mle ndani na mizigo miwili badala ya mmoja: valvu mbovu, na siri ya mtu ambaye peke yake ndiye angeweza kumshawishi Bosi kwamba valvu ni mbovu, na ambaye hangeweza kujua kamwe, kwa sababu haisikii ikigonga. Ningekwenda kwa Bosi, dakika moja tu, ningemaliza yote. Nilifika hadi mlangoni kwake kweli. Lakini kumwambia Bosi kulikuwa sawa na kumvua nguo baba mkwe wangu hadharani, na mkono wangu ulikataa kubisha hodi.

Kwa hiyo nikafanya mambo nusu nusu, kama wanavyofanya waoga wote. Nilipaka mstari mweupe kwenye ncha ya shafti, ule mhimili unaozungusha mabawa, kwa nje, ili mtu aone kwa macho kama valvu inazunguka, bila kufungua chochote. Kazi nzuri, naisifu mwenyewe. Baba akaniuliza mbona nampakia valvu yake rangi. Vumbi la chenga likaufunika mstari, nikalifuta, likaufunika tena, na yeye akarudia kiganja chake.

Na nikaanza kupiga kelele. Nikimwona karibu na kidirisha, napaza sauti hadi mishipa ya shingo inanisimama. Sauti haikumfikia hata kidogo, ila iliwafikia wengine wote. Wafungashaji wakaanza kunitazama kwa pembe za macho. Nikasikia mmoja akisema chooni, bila kujua nipo ndani, kwamba tangu nipewe cheo sina adabu, hata mkwe wangu namfokea kama mtoto wa jirani. Maneno yakafika nyumbani kabla yangu.

"Kwa nini unamfokea baba yangu mbele za watu?" mume wangu akaniuliza.

"Muulize mama yako anavyomwita kula."

"Mama ni mkewe. Wewe ni mkwe."

Nilimtazama mwanamume huyu mwenye masikio mawili mazima, aliyekulia katika nyumba ile na hajawahi kujiuliza redio inamlilia nani. Nilikuwa na jibu la kumfunga mdomo. Nikalimeza, nikageukia ukutani, nikamwambia azime taa.

Siku yenyewe ilikuja bila kupiga hodi. Tulikuwa tunasaga mabomba ya zamani, magumu kupita kiasi. Chenga moja nene ikabanwa, valvu ikagonga mara moja na kusimama, swichi ikajikata yenyewe. Haraka akainuka kwenda kwenye kabati la umeme upande wa pili wa mashine. Utaratibu wetu ni kwamba anayewasha anaita kwanza. Ukiwa ndani unajibu, usipojibu anawasha.

Mimi nilikuwa natoka karakana na spana mkononi. Upande ule wa ukutani, usioonekana kutoka kwa Haraka, nikamwona Baba amepiga magoti. Kiganja hakikudondokewa na kitu, kwa hiyo alijua imesimama. Safari hii hakuwa anapima. Alikuwa ameuzamisha mkono juu kabisa, uso umejikunja, anaivuta ile chenga kutoka kati ya mabawa.

"Nawasha!" Haraka akaita.

Hakuna aliyejibu.

Nilipaza sauti nikasema usiwashe, na najua nilisema, lakini Haraka ni Haraka. Nikaitupa spana. Nikamkamata baba mkwe wangu ukosi wa shati kwa mikono yote miwili na kumvuta kwa nguvu zangu zote, na tukaanguka wote wawili sakafuni, mimi juu yake. Springi ikakifunga kidirisha. Nyuma yake bawa likaikata ile chenga nusu kwa mlio mmoja, na valvu ikaendelea na safari yake.

"Unataka kufa?" nikampigia kelele usoni. "Unataka nimwambie nini Mama? Unataka kufa?"

Waliozunguka mashine waliona hayo tu. Kidirisha kilichofungwa, mzee chini, kofia yake kule, na mkwe wake amemkalia kifuani anampigia makelele. Wakamwinua. Mmoja akampangusa mgongo. Mimi hakuna aliyeniinua.

Bosi akashuka kutoka ofisini. Watu wakajipanga kando ya mabomba.

"Fundi, umemwangusha mzee?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Niseme nini? Nikisema mkono ulikuwa ndani, Haraka atasema aliita, na kweli aliita. Basi ama mzee amepuuza wito, afukuzwe kazi, ama hasikii, arudishwe kwenye kiti. Nilitazama sakafu. Nilikuwa nimechoshwa na valvu, nimechoshwa na ukoo mzima.

"Sijasikia jibu," Bosi akasema. "Basi mwombe radhi. Hapa hapa, mbele ya wote. Sitaki mtu wa hivyo kiwandani kwangu, hata awe fundi wa namna gani."

Nikapiga goti. Nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa na mama yangu, nikasema, "Baba, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Juu yetu valvu ilikuwa inagonga.

"Anasema nini?" Baba akamuuliza Haraka.

Haraka akajibu akiwa ameangalia chini. Baba akamgeukia Bosi, na Bosi alikuwa amejigeuza kufuta macho yake, maana ana moyo mwepesi. Hakukuwa na mdomo hata mmoja wa kusoma. Nikaona viatu vya Baba vikinisogelea. Akachuchumaa mbele yangu, akachungulia chini ya kitambaa changu cha kichwa hadi akaupata uso.

"Unasema nini, mwanangu?"

"Naomba radhi, Baba. Kwa kukuangusha."

Aliisoma midomo yangu polepole. Kisha akautazama mkono wake wa kulia. Akaufumba. Akaufumbua. Akauegemeza gotini, akainuka, akawakabili watu.

"Mimi sisikii!" akasema.

Alilisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, maana hakuwa na njia ya kujua ukubwa wa sauti yake. Wakageuka hata wa getini.

"Sisikii. Siku nyingi. Haraka ameita, sikusikia. Mkono wangu ulikuwa humo ndani, huyu ndiye aliyeutoa. Hana la kuniomba radhi."

Haraka alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akajishika kichwa. Hatimaye Bosi akasogea mbele, akahakikisha Baba anamwona, akanyoosha kidole juu.

"Na valvu, Mzee? Uliniambia iko sawa."

Baba hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza akaniuliza kitu kuhusu ile valvu.

"Inagonga?"

"Inagonga, Baba. Inasikika hadi getini."

Akaitazama juu, kisha akatutazama sote, mmoja mmoja, akiwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Sasa nyie wote mna masikio," akasema, "mlikuwa mnaningoja mimi?"